Kisiwa Kilichokaa Kati ya Mto na Bahari Kuu

Haya wanangu, kaeni vizuri, leo nawapeleka Mafia. Lakini safari yetu haianzii ufukweni. Inaanzia mbali, huko juu Njombe, Iringa na Mbeya, ambako mtoto anaweza kukua mpaka akawa mtu mzima bila kuonja maji ya chumvi.

Mvua ikinyesha huko, maji hayatulii. Huteremka mabondeni yakaingia vijitoni, vijito vikaingia Ruaha Mkuu na Kilombero, na mwisho wa yote ni mto mmoja, Rufiji. Njiani mto huo hauachi kitu. Unazoa udongo, majani yaliyooza, samadi ya tembo na viboko wa mbugani, vyote unavibeba hadi pwani. Ukikaribia bahari unagawanyika mikono mingi ndani ya msitu wa mikoko, msitu ambao haupatikani mwingine mkubwa hivyo katika pwani yote ya Tanzania. Hapo ndipo mto unapotua mzigo wake.

Sasa, mbele ya milango hiyo ya mto, kama kilomita 20 hivi baharini, kimekaa kisiwa. Ndicho Mafia. Kutoka kusini hadi kaskazini ni kilomita 50 au karibu ya hapo, na kimezungukwa na wadogo zake: Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na wengine. Upande wa magharibi, unaotazamana na mto, maji ni ya kijani na mazito kwa rutuba. Upande wa mashariki, unaotazamana na Bahari ya Hindi yenyewe, maji ni maangavu, na ukitoka kidogo tu nje ya miamba kina kinakuwa kirefu. Kisiwa ni kimoja, bahari ni mbili. Lishikeni hilo, maana kila mtakachokiona Mafia kinatokana nalo.

Tuanze magharibi, Kilindoni, ambako ndiko makao makuu ya wilaya. Vyombo vinavyovuka kutoka Nyamisati, upande wa bara, hutia nanga hapa, na ndege ndogo za kutoka Dar es Salaam hutua hapa hapa baada ya nusu saa hivi angani. Kama mmekuja kati ya Oktoba na Machi, msiwe na haraka ya kwenda kwingine. Amkeni asubuhi bahari ikiwa bado shwari, pandeni mashua, mwambieni nahodha awatafutie papa potwe.

Najua neno papa limewashtua. Tulieni niwaeleze. Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Nyangumi anamzidi, lakini nyangumi si samaki: anapanda juu kuvuta hewa na ananyonyesha mtoto wake. Papa potwe aliyekomaa kabisa huweza kupita mita 12. Wa Mafia wengi bado ni vijana, tena madume, wa mita sita au saba hivi, yaani urefu wa basi dogo la Coaster. Kinywa chake kipana chaweza kumeza mtoto mzima mkikitazama kwa macho tu, kumbe koo lake ni jembamba na meno yake ni madogo mno, hayatafuni kitu. Chakula chake ni uduvi na vijidudu vingine vya baharini. Ndiyo, uduvi, hao hao wanaouzwa sokoni kwa kikombe.

Hapo ndipo mto unapoingia katika hadithi. Rutuba ya Rufiji inalisha mimea midogo inayoelea majini, midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Mimea hiyo inaliwa na uduvi na wenzao. Uduvi wakijaa, papa potwe anakuja. Kwa hiyo samaki huyu mkubwa anashibishwa na mvua iliyonyesha Njombe na samadi ya tembo aliyepita kando ya mto, ingawa tembo na papa potwe hawatakutana milele.

Mtamwona akiogelea polepole juu juu ya maji, kinywa wazi. Maji yanaingia mbele na kutokea kwenye matamvua pembeni mwa kichwa, uduvi wanabaki ndani. Mara nyingine husimama wima, mkia chini na kichwa juu, anafyonza tu bila kwenda popote. Mgongo wake ni wa kijivu wenye madoa meupe yaliyojipanga kati ya mistari. Hebu yatazameni vizuri madoa hayo, hasa ya ubavu wa kushoto nyuma ya matamvua, kwa sababu hakuna papa potwe wawili wenye madoa yanayofanana. Watafiti hupiga picha mahali hapo hapo, kisha kompyuta huyalinganisha madoa na ya picha za zamani, wakajua huyu ni nani na mara ya mwisho alionekana lini.

Na chini ya tumbo lake mara nyingi mtaona samaki wadogo wamemganda. Hao ni chazo. Chazo ana kibandiko juu ya kichwa, akishamshika mwenye nyumba habanduki kirahisi. Zamani wavuvi wa pwani yetu walimfanya chazo kuwa mtumishi wao: walimfunga kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa, naye akaenda kumganda, wakavuta kamba pole pole mpaka kasa akafika chomboni.

Kulikuwa na imani kwamba ifikapo Aprili papa potwe wa Mafia huhama, kwa sababu hawaonekani tena Kilindoni. Watafiti wakawabandika vifaa vidogo vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya bahari vya kuusikiliza. Wakagundua kwamba wengi hawaendi popote. Wanasogea tu mbali kidogo na ufuko na kushuka chini zaidi, ambako macho yetu hayafiki. Mimi habari hii inanifurahisha kila ninapoisimulia. Hawa si wageni wanaopita, ni wenyeji wa Mafia sawasawa na watu wa Kilindoni.

Wavuvi wa dagaa nao wanafuata rutuba ile ile, hivyo papa potwe huingia kwenye nyavu zao. Wenyewe hawana haja naye. Huulegeza wavu upande mmoja akatoka zake. Ninyi mkiingia majini, kaeni mbali naye mita kadhaa, msimguse wala msimzibie njia. Akishtuka huzama, na aliyezama mmempoteza ninyi na wote watakaokuja nyuma yenu asubuhi hiyo.

Tuvuke sasa kwenda upande wa pili. Barabara ya kwenda kijiji cha Utende inapita katikati ya minazi, si safari ndefu, na kabla ya kufika mnapita lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya namna yake Tanzania. Msidhani ni bahari iliyofungwa kufuli. Ndani yake kuna vijiji, watu wanavua, wanalima, wanaoa na kuolewa. Kilichopangwa ni wapi pavuliwe, wapi paachwe, na zana gani zitumike. Baruti, ambayo huua samaki mkubwa na kifaranga kwa pamoja na kuvunja mwamba waliokuwa wakiishi, ni marufuku.

Sasa mwamba wenyewe. Watu hulitazama tumbawe wakadhani ni jiwe, wengine wakadhani ni mmea. Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama. Kila mmoja ni mdogo, laini, ana kinywa kimoja kilichozungukwa na vikono, na anajijengea kikombe cha chokaa cha kukalia. Anayekufa anaacha kikombe chake, mwingine anajenga juu yake, na hivyo kwa maelfu ya miaka mwamba unakua. Ndani ya ngozi ya mnyama huyo wamepanga wapangaji: mwani mdogo sana, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo maana matumbawe mazuri ya Mafia yako zaidi mashariki. Magharibi tope la mto lingewafungia jua. Kisiwa kimesimama katikati, kikalizuia tope upande mmoja na kuuachia mwanga upande mwingine.

Maji yakipata joto kupita kiasi, wapangaji hao hutoka, na tumbawe linabaki jeupe, lina njaa. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto la namna hiyo, na matumbawe mengi ya Tanzania, ya Mafia yakiwemo, yalipauka na kufa. Baadhi ya sehemu zimerudi baada ya miaka, nyingine zinajikongoja. Nawaambia haya ili mkiona tumbawe bichi lenye rangi mjue mnatazama kitu kilichopona, na miguu yenu isilikanyage.

Hapo mbele ya Utende, Ghuba ya Chole imezibwa na miamba na visiwa, na mlango wake mmojawapo mkuu kwenda bahari kuu unaitwa Kinasi. Maji yakijaa, bahari huingia hapo kwa nguvu; yakipwa, hutoka kwa nguvu ile ile. Wazamiaji wenye akili huingia na maji yanayojaa, maana ndiyo maangavu, yanatoka nje kwenye kina. Ndani mtaona chewa wamejibanza mapangoni, mikunga wanachungulia, taa wamejifukia mchangani macho tu nje. Na mtamsikia pono kabla ya kumwona. Ana mdomo mgumu wa kugugunia mwamba, kru, kru, kru, akitafuta mwani. Chokaa anayoimeza inasagika kooni na kutoka nyuma ikiwa mchanga. Ule mchanga mweupe mnaoupenda, sehemu yake imepitia kwa pono.

Upo pia mchanga unaotokea na kutoweka. Kusini magharibi mwa kisiwa kuna fungu liitwalo Mange. Maji yakipwa, fungu linatoka baharini, jeupe, halina mti wala kivuli, na mnaweza kushuka mkala chakula chenu hapo. Maji yakirudi, hakuna fungu. Ndiyo sababu nahodha akisema tuondoke, mnaondoka.

Kutoka Utende hadi kisiwa cha Chole ni dakika chache kwa mashua. Chole haina magari, mnatembea kwa miguu kwenye njia za mchanga kati ya miembe na michungwa. Karibu na mahali mnaposhukia kuna magofu: jela, nyumba za mawe, majengo ya enzi za Waarabu na Wajerumani, maana utawala wa Mafia yote ulikaa Chole kabla ya kuhamishiwa Kilindoni. Leo mizizi ya miti imepita madirishani, imezunguka nguzo, na pengine kuta zinasimama kwa sababu mizizi imezishika.

Ndani zaidi kijijini, angalieni juu. Mtaona mti mkubwa ambao mchana kutwa umening'iniza vitu vyeusi, mamia kwa mamia, vikipigapiga mabawa kujipepea. Ni popo. Hawa ni popo wala matunda, wa jamii inayopatikana pia Komoro, na mabawa yakikunjuliwa yanaweza kufika mita moja toka ncha hadi ncha. Uso wa kila mmoja una pua ndefu na macho makubwa ya rangi ya asali. Popo wadogo wala wadudu hupaza sauti na kusikiliza mwangwi ili wajue njia. Hawa wa Chole hawana kazi hiyo, wanatumia macho na pua. Popo wala matunda hutawanya mbegu, hubeba chavua, na maua ya mbuyu yanayochanua usiku yanawategemea wao. Watu wa Chole wanaulinda mti huo. Msipige kelele wala makofi kuwarusha ili mpate picha. Wana watoto vifuani.

Upande wa ufuko, sikilizeni mlio wa shoka na tezo. Mafundi wa Chole wanaunda mashua na majahazi kama walivyounda babu zao, bila kuchora ramani kwenye karatasi. Kwanza unalazwa mkuku, ule uti wa chini. Kisha yanafuata mataruma, na kila taruma limetokana na mti uliopinda wenyewe kwa asili, fundi ameuona porini akajua utakaa wapi. Mbao zikishapigiliwa, nyufa zinakalafatiwa: pamba iliyopakwa mafuta inasukumwa ndani kwa patasi na nyundo, mpaka tone la maji lisipate pa kuingilia. Simameni hapo muangalie. Mimi kwa upande wangu, kama ningepewa saa moja tu Mafia nzima, ningeitumia kwa mafundi hawa.

Habari za kuunda vyombo zinatupeleka Juani, kisiwa jirani. Huko kuna mji uliokufa, unaitwa Kua. Msikiti bila paa, jumba la ghorofa lililobaki kuta, makaburi, na mibuyu iliyoota katikati ya vyumba. Zamani Kua ilikuwa na mwenziwe, Kisimani, mji wa upande wa magharibi ambao sasa bahari imeula, na mawimbi bado hufukua vigae vya kale ufukweni. Wazee husimulia kisa cha miji hiyo miwili. Wanasema watu wa Kisimani waliunda jahazi kubwa, na siku ya kulishua wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani chombo kikapita juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza. Wakakaa miaka. Kisha wakapeleka mwaliko wa harusi, wakaandaa karamu katika chumba cha chini ya ardhi. Wageni wakala, wakacheza, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, hadi akabaki mzee mmoja tu wa kuwazungumzisha wageni. Nje, mlango ukajengwa kwa mawe. Yule mzee alikuwa amekubali kubaki.

Hicho ni kisa cha wazee, na kina uzito wake. Kilichoandikwa katika historia ni kwamba mnamo 1829 Wasakalava walikuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska, ambayo wazee waliiita Bukini, wakaivamia Kua, wakaua na kuchukua watu mateka. Mji haukuinuka tena.

Juani hiyo hiyo ina bwawa la maji ya bluu lililozungukwa na miamba ya kale, bahari huingia na kutoka humo kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Chini wamelala konyeza, nao wamelala chali, tumbo juu. Sababu mnaweza kuikisia. Nao wana wapangaji, mwani ule ule wa ndani ya ngozi, kwa hiyo wanaugeuzia jua upande wenye mwani. Wanawasha kidogo, msiwachezee.

Na upande wa mashariki wa Juani, kwenye fukwe zinazopigwa na bahari kuu, ndiko kasa hupanda kutaga. Jike huja usiku. Hujikokota hadi juu ya alama ya maji, akachimba kwa mapezi ya nyuma shimo refu, akataga mayai mia moja hivi au zaidi, akafukia, akarudi baharini. Hamwoni mtoto wake hata mmoja. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua watoto watakuwa nani: mchanga ukiwa wa moto zaidi, wengi huwa majike.

Zamani mayai hayo yalichimbwa yakaliwa. Mwanzoni mwa karne hii vijiji vya Mafia vikaingia katika mpango ambao aliyekiona kiota na kutoa taarifa analipwa, na mayai yakianguliwa vizuri anapata zaidi. Vijana wa hapo wakawa walinzi wa fukwe. Wao ndio huhesabu siku, na siku ikifika huwaita wageni. Kwanza mchanga unabonyea kidogo, mahali pa ukubwa wa sahani. Unatulia. Unatikisika. Linatoka pezi moja, halafu kichwa, halafu ghafla wanachemka wote kwa pamoja, kila mmoja mdogo wa kutosha kiganjani. Lakini kiganjani hawawekwi. Wanafuata mwanga wa upeo wa bahari, na taa ya simu yako inaweza kuwapoteza. Kaa wanawangoja mchangani, samaki wanawangoja majini, na watakaofika utu uzima ni wachache mno. Majike kati ya hao wachache, miaka mingi baadaye, watarudi kutaga katika fukwe za huku huku walikozaliwa.

Mtaniuliza twende lini. Papa potwe ni Oktoba hadi Machi, kasa kuanguliwa ni Juni hadi Septemba zaidi, kwa hiyo safari moja haiwapi vyote, chagueni. Aprili na Mei ni masika, mvua ni kubwa na bahari ina tope. Mkitaka kwenda Kua kwa mashua kupitia mkono wa mikoko, mnahitaji maji yaliyojaa. Mkitaka Mange, mnahitaji yaliyopwa, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo yanapokupwa zaidi na fungu kutoka lote. Na saa haisimami mahali pamoja: kila siku maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi jioni kabla ya safari muulizeni nahodha kesho yanapwa saa ngapi, kisha ndipo mpange saa ya kuamka.